Chumba cha Mwisho wa Korido

Fundi Kisemei hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuuliza maswali, na mimi maswali siyapendi. Nilikuwa supavaiza katika kiwanda cha mashati pale Athi River, wanawake themanini chini yangu, na tangu asubuhi hadi jioni mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza. Ukishazoea hivyo, mtu akikuuliza wewe unaona kama amekukanyaga mguu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akamlaumu Kisemei. Kichwa kigumu kilikuwa changu.

Ilikuwa Januari 2004. Mimi na mume wangu Maundu tulikuwa tumehamia Kitengela miaka minne nyuma, tukaingia nyumba yetu wenyewe baada ya kupanga kwa muda mrefu, vyumba viwili vya kulala, sebule katikati na jiko pembeni. Binti yetu Ndulu alikuwa shule ya bweni. Mchana hakukuwa na mtu nyumbani ila kuku, na jioni tulikuwa wawili tu tukisikiliza redio. Lakini mawazo yangu hayakuwa pale. Yalikuwa Kilungu, kwa mama yangu.

Mwaitu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alikuwa akiishi peke yake juu ya mlima. Oktoba aliteleza akitoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni, nyonga ikavunjika, akalala kando ya njia tangu asubuhi hadi saa tisa mchunga mbuzi alipomkuta. Hospitali ilimtengeneza, akarudi kwake na fimbo. Nilimwomba aje tukae pamoja, akakataa. Nikaomba tena, dada zake wakaomba, mchungaji wa kanisa naye akaomba. Mwishowe akasema, "Nitakuja Pasaka, mara moja. Nitaangalia. Nikirudi huku msinisumbue tena."

Mama yangu akishasema hivyo, maneno yamekwisha. Nilijua nina nafasi moja tu. Nilijua pia kwamba akirudi kule mlimani na ile fimbo, ipo siku ataanguka na mchunga mbuzi hatapita. Niliogopa kweli, na mimi nikiogopa huwa nafanya kazi. Kwa hiyo nikaamua kujenga chumba.

Kisemei nilielekezwa na jirani. Alikuja Jumamosi kwa baiskeli, Mmasai wa makamo aliyejifunzia kazi kwa makontrakta wa Kajiado, penseli yake ameichomeka kwenye tundu la ndewe ya sikio, mahali ilipokaa vizuri kuliko mfukoni. Nikamtandazia mezani karatasi ya kukatia mashati niliyoichora kwa kalamu nyekundu. Chumba kipya kilikuwa mwisho wa korido, kikishiriki ukuta mmoja na chumba chetu kwa nyuma, na mbele, korido inapopenya kidogo kati yao, mlango wake ukitazamana na mlango wetu. Nilikuwa nimepanga hivyo kwa makusudi. Mwaitu akikohoa, nimsikie. Akiniita, niwe nimefika kabla hajamaliza jina langu.

"Iko sawa," Kisemei akasema. "Sasa hii rumu ni ya nani?"

"Ni ya kulala."

"Ya kulala nani, mama?"

"Mtu."

Akanitazama, nikamtazama. Kwangu mimi fundi hupewa vipimo, hapewi habari za ukoo. Kiwandani mshonaji hukata kitambaa bila kuuliza kama shati litavaliwa harusini au matangani. Kisemei akachomoa penseli, akaandika kitu kwenye kiganja chake, akatoka nje kuangalia udongo.

Hapo tukakosana mara ya kwanza. Alitaka kuchimba msingi futi tano au zaidi, mpaka afikie mwamba. Nikamwambia fundi aliyejenga jiko alichimba futi mbili na jiko bado limesimama.

"Mama, hii udongo yenu nyeusi ni kama unga ya chapati. Mvua ikikuja inafura, jua ikikuja inapasuka. Ukijenga juu yake, nyumba inatembea."

"Jiko langu halijatembea."

Hakubishana. Alizunguka hadi ukuta wa nyuma wa jiko, akaingiza kidole cha shahada kwenye ufa mpaka kikapotea hadi kiungo cha pili, akakiacha humo huku akiniangalia kwa upole. Kuku wakapita. Nikamwambia achimbe.

Kwa hiyo nisidanganye kwamba sikujua kusikiza. Mambo ya udongo nilisikiza. Walichimba wiki nzima, shimo likafika kifuani, na Kisemei hakumwaga hata karai moja ya zege mpaka aliponiita nishuke niguse mwamba kwa mkono wangu. Nilipenda sana hilo. Fundi anayekuita uone kabla hajafukia ni fundi wa kushika.

Aliyenitatiza ni Maundu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe mengi yalihusu magurudumu. Siku kamba za msingi zilipopigwa, alizizunguka mikono nyuma kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka.

"Mama Ndulu," akasema, "hii mlango haiwezi angalia nje?"

"Nje iende wapi?"

"Nje tu. Kuna hewa."

"Korido nayo haina hewa?"

Akarudi kwenye lori lake. Kesho yake akaja na lingine. "Ama tujenge kule karibu na gate. Kanyumba kadogo, kake peke yake."

"Mama yangu si askari wa getini, Baba Ndulu."

Akaenda. Siku ya tatu akaniambia kwamba, mama akifika, yeye anaweza kulala sebuleni, ati kochi ni nzuri kwa mgongo. Nikapiga hesabu yangu, nikapata jibu. Mume wangu hamtaki mama yangu nyumbani kwake. Iliniuma na sikuificha. Nilimkumbusha kwamba mama yake mzazi alipougua, nilimwogesha kwa mikono hii miwili, na sikuwahi kumwambia alale karibu na geti. Maundu akaangalia sakafu. Kisha akatoka kwenda kuosha lori ambalo jana yake alikuwa ameliosha. Kwa wiki tatu tulizungumza habari za chumvi na funguo tu.

Kisemei naye hakuacha. Ukuta ulipofika usawa wa dirisha akaniuliza tena, atakayelala hapa asubuhi atatokea wapi, na ataogea wapi. Nikamjibu kwamba atatokea mlangoni na ataogea bafuni, kama binadamu wengine. Siku ya kutia fremu ya mlango akasimama katikati ya korido, akageukia mlango mpya, akageukia wetu.

"Hizi milango mbili zinaangaliana kama watu wamekosana."

"Fundi, kazini nikimwambia mtu ashone kola, haniulizi shingo ni ya nani."

"Na kama shingo ni kubwa?"

"Shona," nikamwambia.

Akashona. Nakiri kwamba kilikuwa chumba kizuri. Kuta zilinyooka, sakafu nyekundu ikang'aa, paa la mabati likaunganishwa na letu usingejua lilipoanzia. Bafuni alinitilia bomba la kushikia ukutani kwa sababu nilimwambia liwekwe, na hilo nalo akaliuliza kwa nini, nami nikasema ni mapambo. Nilinunua kitanda kipya kwa maseremala wa barabarani, nikashona mapazia mwenyewe. Siku mbili kabla ya Pasaka nilikaa kwenye kile kitanda peke yangu, nikahisi nimeshinda.

Mwaitu alifika Jumamosi kwa pikapu ya binamu yangu Kiema. Maundu alikuwa ametoweka tangu asubuhi, ati tairi. Nilikasirika, lakini sikutaka kuharibu siku. Mama alishuka polepole, akaniombea baraka, akaingia ndani akisifu kila kitu. Alisifu sakafu, akasifu mapazia, akagonga ukuta kwa fimbo na kuusifu pia. Nilitembea mbele yake kama bibi harusi. Tukaingia korido.

Mlango wa chumba chetu nilikuwa nimeuacha wazi ili upepo upite. Suruali ya Maundu ilining'inia kwenye msumari, na kitanda chetu kilionekana chote. Mama aligeuza uso haraka akatazama ukuta, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake ndani.

"Hapo ni kwa nani?"

"Kwetu, Mwaitu."

"Na mimi?"

Nikamfungulia mlango uliotazamana nao. Hakuingia. Alinyoosha fimbo, akagusa ukuta wa kitandani. "Na upande wa pili wa huu?"

Ndipo nikaona. Mimi ni Mkamba kuanzia utosi hadi kisigino. Nilijua kwamba mama hajilazi chini ya paa la mume wa binti yake, hashiriki naye bafu, na wakikutana njiani kila mmoja hupita upande wake. Heshima hiyo tunaiita nthoni, nami nilikua nayo. Bibi yangu, mama yake Mwaitu, nilimwona kwa macho yangu akiruka ndani ya mahindi na kuni mgongoni kwa sababu baba yangu alikuwa akija. Lakini miaka ya kupanga Nairobi, wazazi wakija asubuhi na kurudi jioni, ilikuwa imenisahaulisha. Nilijali sana nisikie mama akikohoa, nikasahau sikio la pili lililo juu ya mto wangu ni la nani.

Badala ya kuomba msamaha, nikabisha. Ndivyo nilivyo. "Mwaitu, si sisi tumeokoka?"

"Tumeokoka," akasema. "Na sijasoma mahali popote kwamba niliokolewa ili nimsikie mkwe wangu akikoroma."

Akageuka, akatoka nje hatua kwa hatua, akakaa kwenye kiti kando ya tangi la maji na kuweka begi lake mapajani. Alimwambia Kiema asiende mbali na gari. "Nikishakunywa chai, tunarudi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angefoka ningefoka, tungemalizana. Nilimwekea sufuria ya chai motoni, nikapunguza moto hadi mwisho, nikatoka getini mbio kumtafuta Maundu.

Nilimpata kwenye kibanda cha chai karibu na duka la simiti, ameketi na Kisemei. Nilianza kupiga kelele nikiwa bado barabarani. Nilisema kwamba mama yangu yuko nje kama mzigo, kwamba yeye amejificha kwa sababu hakumtaka tangu mwanzo, na mengine ambayo sitayarudia. Wanywaji chai wakashusha vikombe. Maundu aliinama tu. Aliyejibu ni Kisemei.

"Mama Ndulu, kaa. Huyu mzee ameniambia leo tu kwamba ile rumu ni ya mama yako. Ni mimi nimemchimba mpaka akasema. Hata kwetu Umaasaini, mama ya bibi yako ukimwona njiani unaenda kando. Mimi ningejua, singejenga hivyo hata ungenilipa mara mbili."

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu zile kamba."

"Na ukanyamaza?"

"Si nilisema mlango iangalie nje? Nikasema gate. Nikasema kochi." Alikuwa akizungumza na kikombe. "Ningesema aje, Mama Ndulu? Nianze kusema mama yako alale wapi na aogee wapi? Hiyo mdomo nitatoa wapi? Hata kufikiria niliona haya."

Nilikaa. Mtu huyu alikuwa amekaa wiki tatu akiitwa mchoyo nyumbani kwake, na hakufungua mdomo kwa sababu alimheshimu mama yangu kuliko nilivyomheshimu mimi. Nilimwomba msamaha palepale mbele ya watu wa chai. Kisha nikakumbuka sufuria.

"Fundi," nikasema, "nisaidie. Akinywa ile chai ameenda."

Kisemei alinifuata kwa baiskeli, Maundu akabaki kibandani, akisema usiku atalala kwa kaka yake Athi River. Fundi alimsalimu mama Kimasai, "Takwenya, yeyo," naye akamjibu Kikamba, na kwa namna fulani wakaridhiana. Halafu akachuchumaa mbele yake, akachukua kijiti.

"Mama, mimi nilijenga bila kujua ni wewe. Niambie unataka nini. Kama haiwezekani nitakuambia haiwezekani."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi kana kwamba anauliza mbona mtu huyu nilikuwa nimemficha. Akaanza. Mlango wake utazame nje, upande jua linapotoka, aione njia na watu wapitao. Asipite kwa mkwe wake hata siku moja, wala mkwe asipite kwake. Ukuta wa kitanda chake usiwe ukuta wa kitanda cha mkwe. Choo kiwe chake, na kiwe karibu, kwa sababu ya nyonga. Na paa liwe lake. Mvua ikinyesha, maji ya juu ya kichwa chake yashukie kwake.

Nilidhani atabomoa kila kitu. Kisemei alichora kwenye udongo, akafuta, akachora tena. Dirisha la upande wa jua lilikuwa pana vya kutosha, akasema. Akivunja ukuta chini yake, linakuwa mlango. Korido ataikata kwa ukuta, na kile kipande kinachobaki nyuma yake, mkabala na bafu letu, kitakuwa choo na bafu la mama, mabomba yako palepale. Mabati atayatenganisha, ainue ukuta mfupi katikati, kila paa na mfereji wake.

"Na ukuta wa kitanda?" nikauliza.

"Hiyo haihitaji simiti. Ni nyinyi muhame. Muende rumu ya mtoto kule ng'ambo ya sebule, mtoto akuje hapa kati. Mtoto ni mjukuu, yeye hana shida na mtu."

Ndulu kupewa chumba kikubwa na wazazi wake kuhamia kidogo. Nilikubali kabla hajamaliza. Mama akauliza itachukua muda gani, Kisemei akasema wiki tatu kwa sababu ya mvua. Mama akauliza mkwe atakuwa wapi wiki hizo tatu. Nikamwambia tayari amekubali kwenda kwa kaka yake Athi River. Mama akafikiri, akanywa chai yake yote, akamwambia Kiema anaweza kwenda. Begi halikufunguliwa, lakini liliingia ndani.

Wiki zile nilijifunza kazi ambayo sikuwahi kufanya kiwandani. Nilinyamaza. Kila jioni Kisemei alimwonyesha mama alichofanya, naye mama aliketi mbele ya mlango mpya na kuufungua na kuufunga, akamrudisha mara mbili kwa sababu ya kizingiti. Alitaka kiwe chini, mguu usijikwae. Mvua ilipokuja walisimama wote wawili wakitazama maji yakigawanyika juu ya mabati, haya huku, yale kule, hadi kwenye pipa lililowekwa hatua tatu kutoka mlangoni pake. Mama alichota kikombe, akanywa. Mimi sikumwuliza kitu.

Siku kazi ilipokwisha, aliingia, akazunguka, akakaa kwenye kile kitanda kipya nilichonunua.

"Ni kizuri," akasema. "Mpe Ndulu. Mimi kaniletee changu."

Kitanda chake kilikuwa Kilungu, cha mti mzito, alichojifungulia sisi sote. Maundu ndiye aliyetafuta gari, akalipima mafuta, akaliendesha mwenyewe hadi Kilungu. Lakini mkwe hagusi kitanda cha mama mkwe, kwa hiyo alibaki barabarani chini ya mlima akipiga mluzi, na mimi na Kisemei tukapanda na nyundo kwenda kukifungua. Nyumba ilikuwa na baridi. Tulipotoa mbao za mwisho, sakafuni zikabaki alama nne za miguu ya kitanda, nami nikasimama hapo mpaka Kisemei akaniita. Nilifunga mlango, nikampa ufunguo shangazi yangu aliyekaa jirani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikiwasha jiko Maundu aliporudi kutoka Athi River, begi la nguo begani. Alipita geti, akaona mlango wa mama uko wazi, akageuka papo hapo akasimama akitazama barabara. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua. Kati yao hapakuwa na hatua kumi na tano. Nikatoka, nikasimama katikati.

"Mama Ndulu," Maundu akaiambia barabara, "muulize mama kama amelala vizuri."

Nikamgeukia. "Mwaitu, anauliza kama umelala vizuri."

Mama aliangalia pipa lake la maji, akaangalia njia. "Mwambie nimelala kwangu," akasema.

Nilijua Maundu amesikia, maana mabega yalikuwa yameshuka. Lakini hakugeuka wala hakusogea, akangoja nimletee maneno yale kama yanavyopaswa kuletwa. Nikafuta macho kwa leso, nikamwambia.